Bwana Harusi wa Haigam

Jumamosi, 21 Desemba

Chillai Kalan imeingia leo. Siku arobaini za baridi kali — na ndoo ya uani imeshaganda, nimeivunja barafu kwa mchi. Baba kaamka kabla ya adhana. Nilimsikia anapuliza makaa ya kangri yake, kile chungu cha kuotea moto. Siku ya kwanza ya kutazama ndege! Shule zimefungwa, mwalimu wa fizikia hana wanafunzi, na mpaka theluji iyeyuke Baba ni wangu peke yangu. Ndivyo ilivyokuwa kila baridi tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Nikateremka ngazi na pheran yangu, joho la sufi, na kofia yangu. Chini nikamkuta Mahrukh. Kavaa pheran ya Mama, ameinama, anafunga kamba za buti. Buti zangu za mwaka juzi.

"Mahrukh anakuja nasi," Baba kasema. "Kukaa ndani na kulia hakujamsaidia mtu."

Ningesema nini? Baba yake, yaani baba yangu mdogo, alianguka kutoka juu ya mti wa jozi mwezi wa Septemba, katikati ya mavuno. Mama yake amerudi kwa kaka zake huko Kulgam na kitoto kichanga, mwenyewe hali yake si nzuri. Mahrukh kaletwa kwetu asome, apate utulivu. Nani anamwonea gere yatima? Hakuna mtu. Ni haramu hata kufikiria.

Kisha Baba akatoa darubini. Siyo ile kuukuu yenye kioo kilichochubuka — ile yake! Akamvisha Mahrukh shingoni kama anamvisha shada.

"Mimi na Rutba tutachangia hii nyingine," kasema. "Rutba ni mzoefu."

Mzoefu! Ndiyo cheo nilichopewa badala ya darubini.

Tuta la bwawa la Haigam linapitisha watu wawili sambamba, zaidi ya hapo haiwezekani. Miaka yote mimi na Baba. Leo wao mbele, mimi nyuma, natazama visigino vya buti zangu vikitembea bila mimi.

Ndege wa leo: bata wa kawaida, wengi. Kukuziwa. Mwewe wa matete mmoja. Mdiria. Hakuna cha ajabu. Afadhali.

Jumapili, 22 Desemba

Hatukutoka. Baba kamfundisha Mahrukh kutambua bata kwa kitabu. Kitabu changu, chenye alama zangu za penseli. Mimi jikoni, mikono ndani ya maji ya barafu, nasikia kupitia ukutani: "Na huyu?" — "Yule mwenye mkia kama sindano." — "Na huyu?" — halafu kicheko. Mahrukh kacheka!

Mama akanigusa kwa kiwiko. "Msikie, anacheka. Alhamdulillahi."

Nikasema alhamdulillahi. Mdomo ndio uliosema.

Jumatano, 25 Desemba

Siwezi kuandika vizuri, hasira imenikaba.

Tulifika bwawani jua linachomoza. Bata bukini wa kijivu walikuwa wengi upande wa mashamba, wamejipanga kwenye mabua ya mpunga kama waumini. Nilikuwa wa kwanza kwenye darubini kubwa ya miguu mitatu. Nikawapitia wote. Nikasema, "Bukini wa kijivu, basi," nikasogea ninywe chai.

Mahrukh akainama. Akaipitisha darubini polepole. Nikadhani anawaza mambo yake.

"Baba Mkubwa, mbona huyu mmoja ana paji jeupe?"

Baba aliacha kikombe kianguke. Wallahi, aliacha kikombe kwenye theluji, chai yote ikamwagika. Akatazama. Akatazama tena. "Na mistari myeusi tumboni! Bukini paji-jeupe! Subhanallah, Mahrukh!" Akambusu utosini. Miaka mingapi hatujamwona huyo Haigam? Mimi sijawahi kumwona kabisa. Na alikuwemo katika kundi lile lile nililosema "basi"!

Baba akapiga picha kwa simu kupitia kwenye darubini, akaituma kwenye kundi letu la Wasapu la watazama ndege wa Bonde. Hazikupita dakika. Kaka Zubair, mwenyekiti, kaandika: "Hongera mwalimu! Binti yako ana macho ya kozi!"

Binti yako.

Nilisubiri Baba amsahihishe. Kaandika "Shukrani sana". Basi. Shukrani sana!

Njiani kurudi kaniuliza, "Mbona kimya, mzoefu?" Nikasema baridi.

Ijumaa, 27 Desemba

Theluji tangu alfajiri. Umeme umekatika. Wote chumba kimoja, blanketi moja kubwa, kila mtu na kangri yake chini ya pheran. Mama anapembua mboga zilizokaushwa. Kungekuwa kuzuri, kama siku zote.

Mahrukh ndiye aliyeomba. "Baba Mkubwa, nisimulie ya bwana harusi."

Hadithi hiyo naijua kama Alhamdu. Baba na ndugu yake, watoto wadogo, wameenda na babu kukata matete. Bwawa limeganda isipokuwa kijitundu kimoja. Katika kijitundu, bata mdogo, mweupe kuliko theluji, na kinyago cheusi machoni, na mistari myembamba myeusi mwilini, kama barafu imempasukia mgongoni. Baba mdogo akasema, "Tazama, bwana harusi!" Walikimbia kijijini kusimulia. Kijiji kizima kikacheka. Wakaambiwa: nyinyi mmeona bata wa kufugwa wa watu, katoroka. Wakaitwa "wachunga bata" mpaka wakaota ndevu. Miaka mingi baadaye Baba akamkuta ndege yule kitabuni. Smiu. Ndege wa kaskazini ya mbali. Lakini tangu siku ile hakuna aliyemwona tena Haigam, na Baba kila baridi anamtafuta.

Baba alisimulia. Alipofika kwenye kijitundu cha barafu, Mahrukh akamkatiza: "Lakini Baba yangu alisema yeye ndiye aliyemwona kwanza."

"Mwongo yule!" Baba kashtuka, anacheka. "Mimi ndiye! Yeye alikuwa nyuma ya matete, anakojoa!"

"Alisema wewe ndiye uliyekuwa unakojoa!"

Wakacheka wote wawili mpaka Mama naye akacheka. Halafu cheko la Baba likageuka. Akajifunika uso kwa mkono wa pheran. Mabega yakawa yanatikisika.

Sijawahi kumwona Baba analia. Hakulia hata mazikoni, alishika koleo tu.

Mahrukh akamwekea mkono gotini. Mimi nilikuwa nimekaa karibu zaidi. Mkono wangu ulikuwa karibu zaidi! Haukwenda. Sijui kwa nini haukwenda.

Hadithi ile ilikuwa yangu. Sasa imekuwa yao — wao wana mtu ndani yake.

Jumatatu, 30 Desemba

Mahrukh ana mafua. Homa, pua nyekundu. Mungu nisamehe, nilifurahi.

Baba na mimi, wawili, kwenye tuta. Theluji mpaka magotini, jua, milima yote imetoka nje. Nikatembea sambamba naye. Nikamwona salala mmoja kwenye waya, na kozi akishusha bata kwa kishindo, manyoya yakabaki hewani. Baba akasema, "Ah! Mahrukh angefurahi sana kuona hili."

Kidogo baadaye: "Mahrukh anasikiliza kabla ya kutazama, umegundua?"

Na baadaye tena: "Tukirudi tupitie kwa mwoka mikate, tumchukulie mgonjwa ya moto."

Tukapitia. Mikate ya tanuri, ya ufuta. Baba kanipa nibebe ndani ya pheran isipoe. Mmoja nimeula njiani, nyuma ya mgongo wake. Sikuwa na njaa.

Alhamisi, 2 Januari

Nataka kuandika hili kama lilivyokuwa. Hakuna atakayelisoma.

Ukungu mzito leo. Huoni mkono wako. Mama alisema mtaona nini, pua zenu? Baba akasema ukungu huinuka. Tukaenda. Mahrukh kapona, anakohoa kidogo tu. Tulipofika kibanda cha mlinzi wa bwawa, Baba akabaki nyuma anamsaidia mlinzi kuwasha jiko lake. Sisi tukatangulia mpaka kwenye kona ya tuta, pale maji yanapokataa kuganda.

Tulisimama. Siku hizi hatuongei.

Ukungu ukapasuka. Siyo sana, upana wa mlango. Ndani ya mlango huo maji meusi, na juu ya maji —

Mahrukh akanishika mkono, kucha zikaingia. "Rutba. Rutba! Bwana harusi!"

Nilitazama. Cheupe. Kidogo. Cheusi usoni. Na kabla sijainua darubini, kikazama. Hakikurusha tone. Kama kijiko kinapoingia kwenye mtindi. Ukungu ukafunga mlango.

Tukangoja. Hakuna. Baba akaja anakimbia, kasikia kelele. Mahrukh analia na kucheka pamoja, hawezi kusema sentensi nzima. Kamrukia shingoni:

"Ndiye, Baba, wallahi ndiye! Ndiye yule!"

Baba. Siyo Baba Mkubwa. Baba. Naye akamkumbatia, akamwinua kutoka ardhini, akasema, "Ndiye, mwanangu? Ndiye kweli?"

"Rutba kamwona pia! Muulize Rutba!"

Baba akanigeukia. Uso ule! Kama mtoto aliyeahidiwa sikukuu. Sijawahi kumwona na uso ule, na haukuletwa na mimi.

Nikasema: "Niliona kitu cheupe. Ukungu ulikuwa mwingi."

Kila neno ni kweli. Nimeyarudia yote hapa kitandani, moja moja. Kitu cheupe — kweli. Ukungu mwingi — kweli. Sikusema uongo wowote.

Sikusema tu kwamba kilizama.

Ijumaa, 3 Januari

Baada ya sala ya Ijumaa Baba kaandika kwenye kundi. Nimenakili hapa jinsi alivyoandika: "Jana asubuhi Haigam, Mahrukh, binti wa marehemu ndugu yangu, ameona smiu dume. Ukungu, hakuna picha. Namwamini."

Simu ikaanza kutetemeka kama ina homa. Wa Srinagar wanauliza njia. Wa Baramula wanataka kuja kesho. Mtu kasema itakuwa habari ya mwaka. Kisha Kaka Zubair, maana yeye ndiye mwenyekiti na mambo ya ushahidi ni kazi yake: "Nani mwingine alikuwepo?"

Baba: "Rutba alikuwepo."

"Rutba, wewe unasemaje?"

Wote wananingoja mimi! Nilikuwa jikoni nimekaa juu ya gunia la mchele. Nikahisi utamu, siwezi kukataa. Utamu kwenye ulimi kabisa. Nikaandika:

"Niliona kitu cheupe. Kwa maoni yangu ni bata wa kufugwa. Ng'ambo ya pale wapo wengi."

Nikatuma.

Mudasir wa Srinagar, ambaye hana kazi ila mizaha: "Tuje na darubini au na sufuria?" Mwingine: "Harisa ya smiu! Nani ana vitunguu?" Mwingine: picha ya bata mweupe kavaa kilemba. Vicheko, vicheko. Mtu kamwandikia Baba: "Mwalimu, na wewe umezidi kutaka kuamini." Kaka Zubair akafunga: "Bila picha, na shahidi ana shaka, hatuwezi kuandika. Samahani."

Nikacheka peke yangu juu ya gunia. Chai yangu haijapoa nikasikia kutoka chumba cha pili simu ya Mahrukh, naye yumo kundini, inalia, inalia, inalia kwa kila mzaha. Halafu ikazimwa.

Bata wa kufugwa. Ningeweza kuandika maneno mengine yoyote. Niliyachagua hayo.

Jumamosi, 4 Januari

Baba katoka alfajiri peke yake. Hakumwamsha mtu. Hajawahi kutoka bila mimi, hata siku moja.

Mahrukh akaingia jikoni, akachukua kisu, akaanza kumenya tanipu upande wa pili wa meza. Nikajua inakuja.

"Uliona alizama," kasema. Hakuinua macho.

"Sikuona."

"Bata wa kufugwa hazami hivyo, Rutba. Wewe ndiye uliyenifundisha. Wanainamisha kichwa, makalio yanabaki juu."

"Khaa! Umekuwa bingwa lini wewe? Umeshika darubini juzi tu!"

"Nimekukosea nini?"

Alikuwa anauliza kweli. Hiyo ndiyo iliyonipandisha hasira. Angetukana, ningenyamaza.

"Umekuja hapa kila kitu kikawa chako! Buti zako, kitabu chako, darubini yako. Ukikohoa, mikate. Ukiona ndege, mabusu. Mimi nimekuwa mbeba chai! Na sasa unamwita Baba! Baba ni wa kwangu!"

Kisu kikasimama. Mama mlangoni na ndoo, naye kasimama.

"Haya," Mahrukh kasema polepole. "Tubadilishane. Chukua buti. Chukua darubini. Chukua ndege wote wa Haigam, hata niliowaona, sema ni wewe. Mimi nipe —"

Hakumaliza. Akarudi kumenya. Tanipu lile lile, alikuwa ameshalimaliza, akaendelea kulimenya mpaka likawa kama gololi.

Mama akaweka ndoo chini. Hakunigombeza. Alinitazama tu kama anatafuta mtu anayemfahamu.

Jioni, kwenye chakula, Baba akala kidogo. Kisha, bila kunitazama:

"Rutba. Nakuuliza mara moja. Alizama?"

"Kulikuwa na ukungu, Baba."

"Sikuuliza ukungu."

Mahrukh anatazama sahani. Mama anatazama mkate.

"Sikumbuki," nikasema.

"Haya." Akanawa mikono. Akiwa anajifuta akasema, kama analiambia taulo: "Na sisi walituambia hivyo hivyo. Neno kwa neno."

Jumapili, 5 Januari

Mahrukh kampigia mama yake. Anakwenda Kulgam. Jumanne, na gari la abiria, Sumo ya asubuhi, Baba atampeleka. Kasema mama yake anahitaji msaada na mtoto. Hakuna aliyesema sababu nyingine.

Hakuna ndege.

Jumatatu, 6 Januari

Kafungasha. Ana mfuko mmoja tu, sikujua kwamba alikuja na mfuko mmoja tu. Buti zangu kaziosha, kazipaka mafuta, kaziweka karibu na mlango, sambamba. Darubini ya Baba imerudi kwenye msumari wake. Kitabu changu kimerudi kitandani kwangu. Nimekifungua nione kama kakichafua. Hapana. Hata alama hajaongeza.

Nimerudishiwa vyote. Nimekaa navyo hapa.

Kundi la Wasapu bado wanacheka. Mudasir sasa anamwita Baba "mchunga bata". Baba anasoma, hajibu. Amekuwa mzee ghafla kwa nyuma, shingoni.

Jumanne, 7 Januari

Kibandani bwawani, mlangoni, naona mpaka kwenye kona ya tuta. Mlinzi hayupo, kaenda kutafuta kuni. Naandika kwa penseli, wino umeganda. Vidole havinyooki.

Nianze mwanzo.

Waliondoka asubuhi. Sumo ilipiga honi barabarani, Mama alimfungia Mahrukh jozi na mkate, akamlilia begani. Mimi nilisimama ngazini. Mahrukh akapanda juu mpaka kwangu, akanikumbatia kama inavyopasa, mkono mmoja. Akasema, "Haya, dada." Nikasema, "Haya, safari njema." Baba alishika mfuko. Kwangu hakusema neno ila "Msaidie mama yako."

Sikumsaidia. Walipokata kona nikachukua darubini ya Baba msumarini na kutoka. Nilitaka niwe bwawani bila mtu. Nilitaka nione linavyokuwa likiwa langu tena.

Hakuna ukungu leo. Anga kama kioo kilichofutwa. Barafu imetanda karibu bwawa lote, imebaki ile kona tu. Nikasimama pale pale. Kukuziwa wanateleza juu ya barafu, wanaanguka kama wazee. Siku nyingine ningecheka na kumwonyesha mtu.

Akaibuka mbele yangu. Karibu sana! Sikumtafuta, aliibuka tu, anajitikisa maji. Mweupe. Mweupe mpaka barafu ilionekana ya kijivu. Kinyago cheusi. Kishungi. Mistari miwili mitatu myembamba ya wino, kama kitu kizuri kilichopasuka lakini hakikuvunjika. Samaki mdogo mdomoni, akammeza. Akanitazama kwa jicho moja.

Smiu. Dume. Bwana harusi.

Nilikuwa nimejiwekea siku hii tangu utotoni. Kwamba nitapiga kelele. Kwamba nitakimbia kwenye tuta. Nimesimama, machozi yananiganda mashavuni, na sikuwa hata na furaha. Nilifikiri: sasa kuna mtu mmoja tu duniani anayejua kwamba Mahrukh hakukosea, na ni mimi. Alikuwa mtu huyo huyo Alhamisi.

Nimepiga picha. Kwa simu, kupitia darubini. Nyingi mbovu. Moja nzuri sana. Hata Mudasir hataweza kupika hiyo.

Nikafungua kundi. Nikaandika: "Haigam, asubuhi hii, smiu dume! Nimemwona mimi, Rutba." Nikaiangalia. Ilikuwa ujumbe niliouota. Wangenipongeza wote. Wangesema: tazama, yule binti mwenye shaka, kaenda mwenyewe kuhakikisha! Wangeniita mtafiti. Na ningeweza pia kuongeza: "Huenda Alhamisi alikuwa yeye kweli." Huenda! Ningetoka safi kama pamba. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Nimefuta.

Nikaandika tena: "Mahrukh alimwona Alhamisi. Mimi nilimwona pia. Nilimwona akizama. Nilijua." Nimeishia hapo. Hiyo pia sijaituma. Kuwaambia wanaume mia mbili ni rahisi kuliko kumwambia mtu mmoja aliyeko ndani ya Sumo.

Mlio wa bunduki upande wa mashamba! Wawindaji hawa. Bata wote wameruka, anga imejaa mabawa. Bwana harusi hakuruka. Kajibana kwenye ukingo wa barafu, kichwa chini. Usiruke. Tafadhali usiruke, subiri kidogo.

Nimempigia Mahrukh. Haipatikani. Watakuwa wanapita sehemu isiyo na mtandao.

Nimepiga tena. Inaita.

Kapokea Baba! "Rutba? Kuna nini, mama yako mzima?"

"Mzima. Baba, mpe Mahrukh."

"Amelala. Kalala begani kwangu, tangu tulipoondoka. Usiku hakulala huyu. Sema na mimi."

Begani kwake. Nikamwona, wallahi nikamwona, na kitu kile kikaniuma tena, pale pale, kama hakijawahi kuondoka. Hata sasa! Hata na ndege mbele yangu! Ningeweza kumwambia Baba, kwa sauti yangu, na uso ule wa sikukuu ungekuwa wangu, yeye bado kalala.

"Mwamshe," nimesema.

"Mwanangu, mwache apumz—"

"Mwamshe, Baba. Nina neno lake. Ni lake kwanza."

Nadhani kaelewa kitu. Nasikia injini, nasikia mtu anakohoa, redio ya dereva. Nasikia Baba anasema jina lake taratibu, mara mbili, jinsi alivyokuwa akiniamsha mimi.

Nimebana simu kwa bega, naandika huku nangoja. Ndege amezama. Maji yamejifunga juu yake, hayana hata alama. Natazama pale alipoingilia.

Simu imehama mkono. Pumzi. Ni yeye, najua anavyopumua, tumelala chumba kimoja.

"Mahrukh," nimesema. "Alizama. Nilimwona."

Hajibu. Lakini hajakata.